Kuchoma Chetezo kwa Njia ya Raku: Tulichojifunza Karibu na Bulyanhulu

 

Leo naomba ufungue Biblia kwenye Yoshua bin Sira, sura ya 38, mistari ya 29 na 30. Kama Biblia uliyo nayo haina vitabu vya Deuterokanoni hutakikuta, azima ya jirani wa jumuiya. Hapo kuna mfinyanzi ameketi kazini, anazungusha gurudumu kwa miguu, ana wasiwasi na hesabu ya vyombo vyake, anaufinyanga udongo kwa mkono. Halafu vinatajwa vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa navipita tu kila nikisoma: moyo wake ameuweka kwenye kumalizia ule mng'ao wa nje wa chombo, na anakesha akisafisha tanuri.

Anakesha akisafisha tanuri! Nilikuwa naona ni maneno ya kupamba. Mpaka Kwaresima iliyopita, kikundi chetu cha VIWAWA kilipoamua kutengeneza chetezo cha udongo kwa ajili ya Mkesha wa Pasaka hapa kigangoni. Ndiyo nikaelewa kwa nini mtu akeshe.

Sisi tunaishi upande wa Kakola, wilaya ya Msalala, karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Huku kwetu habari ni dhahabu. Mahubiri ni dhahabu, mifano ni dhahabu, hata mashairi ya harusi ni dhahabu. Kila mhubiri wa semina anayekuja anatupeleka Yoshua bin Sira 2:5, dhahabu hujaribiwa motoni. Ni kweli na ni Neno la Mungu. Ila mimi tangu nimeshika udongo naona mfano wa chungu unatubana zaidi. Dhahabu ukiichoma inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, ukiipoza ni dhahabu ile ile. Udongo hauko hivyo. Ukifika kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, yale maji yaliyofungwa ndani kabisa ya chembe zake yanatoka, na baada ya hapo hata uuloweke mwaka mzima haurudi kuwa tope. Umeshakuwa kitu kingine. Yoshua bin Sira naye analijua hilo, tazama 27:5, anaposema juu ya vyombo vya mfinyanzi na tanuri.

Haya, turudi kwenye kazi.

Kwanza tulitaka kalisi

Nakiri wazo la kwanza lilikuwa kalisi ya udongo. Tuliona picha kwenye simu, tukapenda. Padre alitusikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema hapana. Alitueleza kuhusu waraka unaoitwa *Redemptionis Sacramentum* wa mwaka 2004, namba 117: vyombo vya kuwekea Mwili na Damu ya Kristo visiwe vya kioo, udongo wala kitu kingine chepesi kuvunjika. Mmoja wetu akauliza, "Padre, na maskini wasio na dhahabu?" Padre akasema, maskini wa kigango hiki walichanga wenyewe kalisi mnayoiona, waulizeni wazee wenu. Tukanyamaza.

Chetezo je? Chetezo ni sawa, akasema, kinabeba makaa na ubani tu. Ila akatuonya: makaa ya moto kwenye bakuli la udongo lisilochomwa vizuri litapasuka mbele ya watu, na mkesha huo kanisa linajaa.

Hapo ndipo raku ilipoingia. Mwenzetu mmoja, nitamwita Kaka tu kwa sababu ametuzidi umri, alikuwa ameona video ya watu wanatoa bakuli jekundu la moto kwenye joko kwa koleo, wanalitumbukiza kwenye pumba, linatoka na rangi za ajabu na mipasuko midogo kama ngozi ya mjusi. Akasema: chombo kinachovumilia kutolewa motoni ghafla namna hiyo hakiwezi kuogopa makaa ya ubani. Hoja nzuri.

Raku ni nini

Ilianza Kyoto, Japani, karne ya 16. Palikuwa na fundi aliyetengeneza vigae vya paa, jina lake Chōjirō, na palikuwa na mwalimu mkubwa wa ibada ya chai, Sen no Rikyū. Rikyū alitaka bakuli za chai zisizo na mbwembwe: zifinyangwe kwa mkono bila gurudumu, nyeusi au nyekundu, zikae vizuri viganjani. Chōjirō akazitengeneza. Jina Raku likawa la ukoo wake, na ukoo huo upo Kyoto hadi leo, kizazi cha 16. Bakuli zao nyeusi wanazichoma moja moja kwenye joko dogo la mkaa lenye mifuo, na ule weusi unatokana na mawe ya mto Kamo yaliyosagwa. Glezi ikishayeyuka, bakuli linatolewa kwa koleo likiwa linawaka, linapoa hewani.

(Glezi ndilo neno wanalotumia mafundi. Ni ganda jembamba la kioo juu ya udongo. Sahani ya kauri unayolia wali ina glezi. Chungu cha Bibi hakina.)

Sasa sikiliza, hii wengi hatukuijua. Miongoni mwa wanafunzi saba wakuu wa Rikyū alikuwemo Mkatoliki, Justo Takayama Ukon. Alizaliwa mwaka 1552, akabatizwa akiwa kijana mdogo, akawa mtawala mwenye ardhi na askari. Mwaka 1587 Hideyoshi aliyeitawala Japani aliamuru wamisionari waondoke na akamtaka Ukon aiache imani. Ukon akaachia ardhi na cheo, akabaki na imani. Padre João Rodrigues, Mjesuiti aliyeishi Japani wakati ule, ameandika kwamba Ukon alikiona kile kibanda kidogo cha chai kuwa kinamsaidia kutulia. Alikuwa akijifungia humo na sanamu takatifu, anasali. Mwaka 1614 alifukuzwa nchini na kupelekwa Manila, akafariki huko Februari 1615, wiki chache tu baada ya kufika. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 7 Februari 2017 huko Osaka. Kwa hiyo mtu akikuambia raku ni mambo ya kipagani, mtajie jina hilo.

Ule moshi na pumba lakini si vya Wajapani. Hivyo vilianza Marekani mwaka 1960, kwa mwalimu wa ufinyanzi wa California, Paul Soldner. Alitoa chombo chake jokoni, hakikumpendeza, kikaishia kwenye majani makavu yaliyokuwa chini, majani yakawaka, moshi ukapaka udongo weusi. Akaona kumbe! Tangu hapo dunia nzima ikisema raku inamaanisha zaidi ile ya moshi.

Na sisi Waafrika tunauelewa moshi siku nyingi. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, hatumii glezi kabisa. Anausugua udongo mpaka unang'aa, anachoma mara ya kwanza hewa ikiwepo unatoka wa rangi ya chungwa, na akitaka mweusi anachoma mara ya pili na vipande vya mbao, hewa imefungwa. Huku vijijini, chungu kikitoka motoni, wafinyanzi wengi hukirushia maji ya magamba ya mti yaliyochemshwa. Kinalia *shaaa*, kinabaki na mabaka meusi, na vitundu vinaziba kiasi kisivuje. Kanuni ni ile ile: chombo cha moto kinakutana ghafla na kitu cha porini.

Kwa Bibi mfinyanzi

Hatukuwa na mwalimu wa raku, lakini tulikuwa na Bibi. Anafinyanga vyungu na mitungi toka ujana wake, na wajukuu wake wanne wanashinda pale pale uani. Tulienda asubuhi, tukainama, "Mwangaluka mayu." Akaitika, "Mwangaluka baba," akaendelea kukanda udongo, akatuacha tumesimama muda mrefu kweli. Nadhani alikuwa anatupima.

Kitu cha kwanza alichotufundisha si kufinyanga. Alitupa vigae vya vyungu vilivyovunjika, akasema twangeni. Tukatwanga siku mbili. Chenga zile, kubwa kama chembe za sukari hadi punje za mtama, zinachanganywa na udongo mbichi. Sisi tulichanganya karibu debe moja la chenga kwa madebe matatu ya udongo. Sababu ni hii: udongo mtupu ulio laini umeshikana mno, moto ukiingia ghafla hauna pa kupumulia. Chenga ambazo zimeshapita motoni hazinywei tena, na zinaacha njia ndogo ndogo za mvuke. Kwa raku hilo ni la lazima. Udongo laini wa kutengenezea vikombe vya kupendeza ukiuingiza kwenye joko lenye moto utasikia mlio wake tu.

La pili ni kukausha. Bibi anakiweka chombo shavuni. Kama shavu linahisi ubaridi, maji bado yamo, usichome. Tulimdharau kidogo kwenye hili. Mvua ilikuwa inakuja, tukaharakisha. Bakuli nane ziliingia motoni, tatu zikalipuka kama fataki. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na ukuta wa bakuli hauna nafasi hiyo. Bibi hakusema chochote. Akatuelekeza tu kwenye kinu: hivyo navyo twangeni.

Uchomaji wa kwanza ulikuwa wa kwake, wa wazi: mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mabua ya pamba, nyasi juu. Nazungumzia kuni kidogo hapa kwa sababu ni mkoa wa Shinyanga. Wazee wetu wanakumbuka ardhi ilivyokuwa imekwanguliwa kabla ya mpango wa HASHI kuanza mwaka 1986 na ngitili kurudishwa. Bibi hakati mti kwa ajili ya chungu. Mabua na samadi vinatosha, vinafika nyuzi 600 hadi 800 na kitu, udongo unageuka kabisa. Moto unaanza taratibu kwa saa nzima, moshi tu, kisha ndiyo unaongezwa. Kuna mahali hatari kwenye nyuzi 573, chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Ndiyo maana asubuhi tukitaka kufukua majivu kabla hayajapoa Bibi anatupiga viganja.

Nilichofanya na marudio

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na sipendi kulieleza.

Kutwanga vigae kulinichosha. Nikajiambia, mbona kuna mchanga uliosagwa tayari, tena bure? Kwa wachimbaji wadogo kuna marudio, ule mchanga unaobaki baada ya mawe kupita karasha na dhahabu kuoshwa. Ni laini, una chembe zinazometameta. Nikabeba nusu kiroba, nikachanganya kwenye bonge moja la udongo uani kwa Bibi, sikumwambia mtu. Niliona nimekuwa mjanja.

Kaka alifika jioni. Akachota udongo ule, akausugua kati ya vidole, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii umetoa wapi?"

Nikamwambia. Akauliza kama najua kilichooshea dhahabu kwenye mchanga ule. Nikasema lakini si zimeshaoshwa? Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, vidole vimeachana, akaiacha hivyo. Ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa naiona siku zote ikitetemeka. Tulikuwa tunamtania, tunamwita "mzee." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alifanya kazi ya kuchoma kwa miaka sita. Zebaki, au mekyuri kama wanavyosema machimboni, inashika chembe za dhahabu zinakuwa donge, kisha donge linachomwa ili zebaki iruke, dhahabu ibaki. Inachemka kwenye nyuzi 357 tu. Mvuke wake hauonekani. Alikuwa anachomea kwenye kikaango, nyuma ya chumba alicholala. Sehemu ya zebaki inabaki kwenye marudio. Na mimi nilikuwa nimepanga kuyapeleka hayo kwenye moto wa nyuzi 800, uani, wajukuu wanne wamekaa upande wa upepo wanaota moto.

Ugonjwa wa mvuke huu unakaa kwenye mishipa ya fahamu: kutetemeka, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, kusahau. Watoto na mama wajawazito ndio wanaoumia zaidi. Zebaki ikiingia majini inageuka namna nyingine mbaya zaidi na kukaa ndani ya samaki. Hata Japani hiyo hiyo ya raku inaujua, mji wa Minamata ulianza kuhesabu wagonjwa mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Tanzania nayo imeuridhia.

Nilitaka kulitupa lile bonge kimya kimya. Kaka akasema, udongo ni wa Bibi, na hujui kama hajachota. Ikabidi niende kumwambia. Nilipiga magoti, si kwa heshima tu, miguu ilikuwa haina nguvu. Bibi akauliza nilichanganyia wapi, kwenye ubao gani, kwa beseni gani. Alikuwa kweli ameshachota kidogo akafinyanga mfuniko. Akaenda mwenyewe akauleta, bado mbichi, akauweka juu ya lile bonge. Tukavifunga vyote na turubai na beseni, tukavirudisha palipotoka marudio. Akaniambia niache kuja kwa wiki moja. Hakunifokea, na wiki ile ilikuwa ndefu kuliko Kwaresima nzima.

Nilikwenda kuungama Jumamosi. Nilikuwa nimezoea kuungama mambo yale yale ya simu na uvivu wa sala. Safari hii nilisema: nimetaka kuwachoma watoto wa watu moshi wa sumu kwa sababu nilichoka kutwanga.

Kijana unayesoma hapa na unayefanya kazi ya kuchoma dhahabu, nakuomba kwa dhati: nenda hospitali, mwambie daktari wazi kwamba unafanya kazi na zebaki, usisubiri akuulize. Kaka amekwenda sasa. Mikono haijatulia, ila usingizi umerudi, anasema.

Glezi ya boraksi

Tuliporudi kazini ni Kaka aliyetuongoza, kwa sababu moto anaujua kuliko sisi sote. Kumbe unga mweupe ambao sonara anautia kwenye kalibu ili uchafu uyeyuke na kujitenga na dhahabu, yaani boraksi, ndio huo huo unaofanya glezi ya raku iyeyuke mapema. Mchanga mweupe peke yake unataka zaidi ya nyuzi 1,700. Boraksi inayeyuka karibu na 740, na inauvuta mchanga uyeyuke nayo.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa bovu. Tulikoroga boraksi na maji, tukapaka. Boraksi inayeyuka majini, kwa hiyo ilizama ndani ya udongo, na ilipokauka ikatoka juu kama chumvi, ikabanduka. Mafundi wanaikwepa shida hiyo kwa kuiyeyusha kwanza pamoja na mchanga ikawa kioo, kisha kusaga kioo hicho. Nasi tukafanya hivyo: chupa nyeupe zilizotwangwa sehemu tatu, boraksi sehemu moja, tukaziyeyusha kwenye kalibu jipya ambalo halijawahi kuguswa na dhahabu wala zebaki, tukamwaga kioo kile cha moto kwenye ndoo ya maji kikapasuka vipande, tukakitwanga kwenye kinu cha chuma. Kila sehemu tisa za unga ule tukatia sehemu moja ya udongo laini ili ushike ukutani usishuke.

Twanga ukiwa umelowesha, na funika pua na mdomo. Vumbi la kioo na la mawe linakaa kwenye mapafu, wachimbaji wa huku hawahitaji kufundishwa hilo. Boraksi nayo usiishike kwa mikono mitupu siku nzima, wala usiiache karibu na chakula, inafanana na chumvi. Na mtu asikudanganye kutumia risasi ya betri za gari ati nayo inayeyusha kioo. Inayeyusha kweli, wafinyanzi wa zamani waliitumia, na imewaua wengi.

Kwa rangi tulimenya nyaya za shaba kwa kisu, tusichome plastiki yake, tukazichoma zenyewe mpaka zikafanya magamba meusi, tukayasaga. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha glezi. Shaba ikipata hewa inatoka kijani. Ikinyimwa hewa moto unainyang'anya oksijeni yake, inarudi kuwa shaba nyekundu juu ya bakuli.

Siku ya joko

Joko lilikuwa duara la matofali ya kuchoma limepakwa udongo wa kichuguu, katikati chungu kikubwa kizee cha Bibi cha kukinga bakuli lisiguswe na mkaa, mkaa ukizunguka pande zote, na mashine ya upepo ya mkono tuliyoazima kwa fundi chuma. Bakuli lilikaa kwanza pembeni mwa joko likipata joto, glezi ikauke kabisa.

Kaka alituamuru tuvue fulana za VIWAWA kwa sababu ni za nailoni, zinayeyukia ngozini. Suruali nzito ya pamba, viatu vya kufunika, glovu za ngozi, koleo la urefu wa mita moja, maji ndoo mbili, watoto nje ya uzio. Uwanja wazi kabisa, si ndani ya banda, maana hewa ya mkaa inaua kimya.

Tukazungusha upepo. Moto una rangi zake: wekundu wa giza karibu 650, wekundu wa bendera kama 800, chungwa 900 na zaidi. Ukichungulia ndani ya chungu unaona glezi inakuwa nyeupe na kavu, halafu inachemka mapovu kama uji, halafu mapovu yanalala na inang'aa kama maji. Ukitoa wakati wa mapovu umeharibu. Kaka alikaa pale amechuchumaa, anatazama tu. Tulimuuliza mara nne kama bado. Ilichukua saa moja na dakika kadhaa.

Akasema "sasa." Mimi ndiye nilishika koleo, mikono yake isingeweza. Bakuli lilikuwa limekuwa kama tunda la moto, unaona kupita ndani yake. Hatua sita mpaka kwenye pipa lenye pumba za mpunga. Katika hatua hizo sita glezi inaanza kulia, *ting, ting*, inajikunja kuliko udongo ulio chini yake, mipasuko ile inafunguka. Nikalishusha, moto ukaruka juu, wenzangu wakatupia pumba zaidi, mfuniko, magunia yaliyoloweshwa juu yake. Moshi wa njano ukatoka pembeni. Tukakaa dakika ishirini tunakohoa, mtu mmoja akaanzisha Rozari, hatukuimaliza kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama pipa.

Bakuli nne tulizichoma siku ile. La kwanza lilipasuka katikati kwenye baridi. La pili na la tatu zilitoka kijivu chenye mipasuko myeusi, nzuri. La nne lilikuwa na kijani upande mmoja na upande wa pili wekundu wa shaba. Tuliliosha kwa mchanga na maji, masizi yakatoka, Bibi akaligeuza geuza, akasema, "Hili haliwezi kupika."

Yuko sahihi. Chombo cha raku kina vitundu na mipasuko, chakula kinajificha humo kinaoza, na glezi yake ni laini, ikikutana na ndimu au siki inaweza kuachia shaba. Usilie wala usinywee. Tulijaribu moja kuwekea maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, asubuhi sakafu imelowa.

Kwa makaa lakini linavumilia. Tuliweka mchanga chini, vidole vitatu, makaa juu yake, tukalijaribu jioni tatu kabla ya mkesha.

Mkesha wa Pasaka Padre aliomba Kaka ndiye alibebe. Tulimnong'oneza kuhusu mikono. Padre akasema anajua. Kaka alilishika kwa mikono miwili kifuani, likiwa kwenye kitambaa kizito, akatembea polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuona akitembea kanisani, makaa yanagongana kidogo ndani. Padre akasubiri pale kwenye mshumaa. Sisi sote tukasubiri.

Wanaotaka kujaribu kwao, waniandikie hapa chini nitawaelekeza vipimo vya joko. Bakuli lililopasuka Bibi amelichukua, yuko anatutwangisha tena.